MGB imepoteza nguvu: uanze na geji ya ombwe, geji ya kompresheni au kipimo cha uvujaji?

Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi ni kama kilomita 120. MGB yangu ya mwaka 1971, gari dogo la spoti la Kiingereza, ilikuwa ikiimaliza njia hiyo kwa gia ya nne, kupanda na kushuka, bila kunung'unika. Kiangazi kimoja ikaanza kuomba gia ya tatu mahali ambapo haikuwahi kuiomba, halafu ya pili. Asubuhi inawaka mara moja. Ikisimama inanguruma sawasawa, na moshi wake hauna rangi. Nguvu tu ndiyo hakuna.

Garaji ya kwanza walisikiliza kidogo wakaniambia, "Papa, kabureta zimekwisha, agiza mpya." Nikaagiza. Kabureta mbili za SU, chapa ya Kiingereza ambayo gari hili hutumia, zikapita mpaka wa Kasumbalesa, zikalipiwa ushuru, zikafungwa, na gari likabaki vilevile. Garaji ya pili walikuwa na geji ya kompresheni. Wakapima silinda zote nne, wakapata pauni 140, 138, 142 na 139 kwa inchi ya mraba. Injini ya namna hii ikiwa nzima vitabu huitarajia ikaribie 160. Hukumu ikatoka palepale: ringi zimelika, tufungue injini.

Nilikataa, nikaazima geji ya ombwe kwa mzee mmoja wa Kamalondo aliyewahi kutunza magari ya namna hii. Katika muda usiofika dakika mbili geji ile ilituonyesha kwamba sailensa ndiyo iliyoziba. Bati la ndani lilikuwa limeoza likajikunja, likaziba njia ya moshi. Mchomeleaji wa Katuba aliifungua na kuifunga siku hiyohiyo. Kabureta zangu za zamani, nzima kabisa, bado ziko kwenye sanduku.

Ndiyo maana naandika ulinganisho huu kwa yeyote mwenye MGB, Alfa Romeo, Datsun 240Z au gari jingine la spoti la zamani lenye kabureta na delko, kile kifaa kinachogawa cheche kwa buji. Kwenye magari hayo hakuna kompyuta ya kuchomeka mashine ikakusomea kosa. Wewe ndiye unayechagua kipimo, na ukichagua vibaya utalipia kitu ambacho hakikuharibika.

Kila kimoja kinapima nini

Geji ya kompresheni inaipima injini ikiwa haiwaki. Unatoa buji, unaingiza geji kwenye tundu lake, unazungusha stata, na geji inakuonyesha pistoni inabana hewa kwa kiasi gani. Inajua habari za ringi, vali na gasketi ya hedi. Haijui lolote kuhusu cheche, esansi (petroli), kabureta wala moshi unavyotoka.

Geji ya ombwe inaipima injini ikiwa inawaka. Pistoni zikishuka zinavuta hewa, na kwa kuwa mlango wa kabureta umefungwa, ndani ya bomba la kuingizia hewa kunabaki mvuto. Kitu chochote kinachoharibu pumzi ya injini kitautikisa mvuto huo: vali isiyofunga, cheche iliyochelewa, hewa inayoingia kwa wizi, sailensa iliyoziba. Geji moja inagusa karibu kila kitu. Hiyo ni sifa yake, na ndiyo hatari yake pia, kwa sababu inakuonyesha upande wa tatizo bila kukutajia silinda.

Kipimo cha uvujaji kinaingiza hewa ya kompresa ndani ya silinda wakati pistoni iko juu kabisa na vali zote mbili zimefunga, kisha kinakuambia ni asilimia ngapi inatoroka. Wewe unasikiliza inatorokea wapi. Kwa usahihi kinawashinda wote, lakini kukiandaa ni kazi zaidi.

Namba za vitabu na hewa ya Lubumbashi

Hapa ndipo garaji ya pili walipokosea, na naona kosa hilo likirudiwa kila siku. Vitabu vya magari haya viliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu yake. Kwa kimo hicho msukumo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13. Injini inapovuta, inapata hewa pungufu, kwa hiyo hata ikibana kwa uzima wake wote, namba itakuwa ndogo. Piga hesabu: injini inayotoa pauni 160 kule pwani itatoa karibu 139 hapa kwetu. Rudi juu uangalie zangu. Ile injini waliyotaka kuifungua ilikuwa na afya kamili.

Kwa hiyo ukitumia geji ya kompresheni hapa, usikimbilie namba yenyewe. Linganisha silinda na silinda. Ikiwa ya chini kabisa imepitwa na ya juu kabisa kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna neno. Zangu zilitofautiana kwa pauni 4 tu.

Geji ya ombwe nayo inapunguziwa. Pwani, injini nzima ikiwa inanguruma bila kukanyagwa huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na kwa kila mita 300 unazopanda, toa kama inchi moja. Lubumbashi tunatoa nne, tunabaki na 13 hadi 17. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walio karibu na mita 1,500, watoe tano, na ile 160 ya kompresheni waihesabu kuwa 134 hivi. Kipimo cha uvujaji hakisumbuliwi sana na kimo, kwa sababu hewa unaipeleka wewe kutoka kwenye kompresa na jibu linakuja kwa asilimia.

Kimo hichohicho kinakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu za injini yenyewe. Sehemu hiyo usiitafute, haikupotea garajini. Kinachostahili kurekebishwa ni mchanganyiko: kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani itamimina esansi nyingi kuliko inayohitajika hapa. Kwenye SU unaipandisha nati ya chini pembe moja moja, kabureta zote mbili sawasawa. Kisha inua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikiongeza mwendo na kubaki nao, esansi bado ni nyingi. Ikilegea na kutaka kuzima, umepitiliza. Ikipanda kidogo tu halafu ikarudi kutulia, umefika.

Geji ya kompresheni: inapofaa na inapodanganya

Karibu kila garaji ya Lubumbashi inayo, na hilo peke yake ni faida kubwa. Ukiwa na tatizo la silinda moja, yaani injini inayopiga tatu badala ya nne hata baada ya kubadilisha buji na waya, anza nayo. Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la buji na upime tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tazama vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi ni gasketi ya hedi iliyoungua kati yao.

Lakini inadanganyika kirahisi. Injini lazima iwe ya moto, buji zote nne ziwe nje, cheche izimwe, na kanyagio la esansi likanyagwe hadi mwisho wakati wote wa kupima. Kwenye SU hilo halitoshi: inua na pistoni za kabureta, la sivyo hewa haipiti ya kutosha. Na stata lazima izunguke kwa nguvu ileile kuanzia silinda ya kwanza hadi ya nne. MGB za miaka hiyo zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa mfululizo. Moja ikichoka, stata inalegea kadiri unavyoendelea, na silinda ya nne inaonekana mgonjwa kumbe betri ndiyo inayokata roho. Nimeona mtu akivunja hedi kwa sababu hiyo. Ukimaliza ya nne, rudi upime ya kwanza tena. Zikiwa sawa na mwanzo, ziamini.

Geji ya ombwe: hii ndiyo ninayoipendelea

Iunganishe kwenye bomba lenyewe la kuingizia hewa, au kwa kipande cha njia tatu kwenye mpira wa sevo ya breki kama gari lako linayo. Usiiweke kwenye tundu dogo la kabureta linalolisha delko. Kwenye magari mengi tundu hilo halina mvuto kabisa injini isipokanyagwa, na utadhani injini imekufa.

Pasha injini moto, kisha tazama mshale. Ukitulia palepale kati ya 13 na 17, shukuru, kisha endelea na majaribio mengine. Ukitulia lakini chini, kwa mfano kwenye 10, kuna mambo mawili ya kwanza: taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, imechelewa, au hewa inaingia mahali isipotakiwa. Kwenye SU za zamani hewa hiyo hupenya kwenye ekseli ya mlango wa kabureta, ambayo imelika kwa miaka hamsini ya kufunguka na kufunga. Watu wengi hutafuta tundu hilo kwa kupuliza esansi. Kwenye MGB usithubutu. Kabureta na bomba la moshi ziko upande mmoja wa injini, moja juu ya jingine, na bomba hilo linachoma. Tumia maji kwenye chupa ya kupuliza. Maji yakiziba tundu kwa sekunde moja, mngurumo unabadilika, umeshalipata. Delko na buji ziko upande wa pili, hazitalowa.

Mshale ukiruka chini kwa mpigo, tap, tap, tap, ukirudia kwa vipindi sawa, silinda moja haifanyi kazi yake: vali haifungi, au buji haichomi. Chomoa waya wa buji moja baada ya nyingine, kwa koleo lenye mpira, usije ukapigwa shoti. Silinda ambayo ukiichomoa injini haijali, ndiyo yenye tatizo. Sasa hapo chukua geji ya kompresheni upime hiyo moja.

Kwa mpigo huo kuna sababu moja ambayo mwenye gari la miaka hiyo asiisahau. Injini hizi zilitengenezwa enzi za esansi yenye risasi, na risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali. Imeondolewa duniani kote. Algeria ilikuwa ya mwisho kuiuza kwa magari, ikaacha mwaka 2021. Bila risasi, vali ya moshi kwenye hedi ya zamani huchimba kiti chake taratibu na kuzama. Ikizama, nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya vali na mkono unaoisukuma, inapungua, hadi siku injini ikipata joto vali haifungi tena sawasawa. Kwenye MGB nafasi hiyo ni milimita 0.38. Ukiipanga leo na baada ya kilomita elfu chache ukaikuta imebana tena kwenye vali ileile, kiti kinachimbika, na hedi inahitaji kuwekewa viti vigumu. Geji ya kompresheni kwa injini isiyopata joto la kutosha inaweza kukupita hapo. Mshale wa ombwe, injini ikiwa moto, haukupiti.

Halafu jaribio la kushtua: kanyaga ghafla na uachie. Mshale uanguke karibu na sifuri, kisha uruke juu kupita pale ulipokuwa, hapa kwetu hadi 20 hivi, ndipo urudi. Ukishindwa kuruka, ringi zinashukiwa.

Na lile lililoniokoa mimi. Shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika moja bila kuibadilisha. Mshale wangu ulianza kwenye 17, ukawa 14, ukawa 11, ukafika 8, huku mguu wangu haujasogea. Moshi ulikuwa ukijaa nyuma bila pa kutokea, ukirudi kuinyima injini nafasi ya kuvuta hewa mpya. Ndiyo sababu ikisimama ilikuwa salama na mlimani inakufa: moshi mdogo ulipenya, moshi mwingi ulikwama. Hakuna geji ya kompresheni duniani itakayokuonyesha jambo hilo.

Udhaifu wake niuseme pia. Kama injini yako imefungwa kemshafti ya mashindano, mshale utakuwa chini na utayumba hata kila kitu kikiwa kizima. Usiihukumu kwa namba nilizotoa. Pima siku inapokuwa nzuri, uandike, ulinganishe na hiyo.

Kipimo cha uvujaji: kabla ya kufungua tu

Sikishauri kwa mwanzo. Kinataka kompresa yenye tangi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Rafiki yangu mmoja hulipeleka gari kwa kwado, yule wa matairi mwenye kompresa ya esansi, akamlipa kwa nusu saa, kazi ikaisha. Zuia gurudumu na uingize gia, maana hewa hiyo inaweza kuisukuma pistoni na kuizungusha injini mkono wako ukiwa karibu na feni.

Faida yake ni masikio. Hewa ikisikika kwenye bomba la moshi, vali ya moshi. Kwenye kabureta, vali ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au ufa. Chini ya asilimia 10 ni nzuri, juu ya 20 jiandae. Fundi akikuambia tufungue injini, mwombe jaribio hili kwanza. Kufungua injini ya gari ambalo vipuri vyake vinatoka ng'ambo ni miezi, si siku.

Ambayo vyote vitatu havitakuambia waziwazi

Delko. Taa ya taimingi ndiyo inayoijua. Platini, zile kontakti za ndani ya delko zinazokata na kuunga umeme wa cheche, zikae na mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, na kwenye delko ya Lucas 25D4 pembe ya kufunga, yaani kiasi cha mzunguko platini zinapogusana, ni digrii 60, zidisha au punguza 3. Ukiongeza mizunguko na alama ya taimingi kwenye puli isisogee kwenye mwanga wa taa, vizito vya ndani ya delko vinavyoiwahisha cheche vimeshika kutu, na mlimani gari litakuwa zito kama langu lilivyokuwa. Masika gari likikataa asubuhi, fungua boneti usiku, zima taa zote, washa injini: kifuniko chenye ufa utakiona kikimulika cheche pembeni.

Esansi ni hadithi nyingine. Ile ya kadafi, ya chupa na bidoni kando ya barabara, iache itulie kwenye chupa ya kioo kwa saa nzima kabla ya kuimimina. Maji yatajitenga chini. Na gari likikata ukiwa umekanyaga kwa muda mrefu halafu likarudi baada ya kupumzika, sikiliza pampu ya umeme ya SU nyuma ya gari. Ikigonga mfululizo kwa haraka bila kutulia, inavuta hewa au tangi limekauka. Isipogonga kabisa, kontakti zake zimechoka.

Basi uchague nini

Kama una pesa ya kifaa kimoja, nunua geji ya ombwe. Cha pili, taa ya taimingi. Geji ya kompresheni usinunue, azima. Iko kila garaji, na utaihitaji mara chache. Kipimo cha uvujaji lipia siku ya maamuzi makubwa tu.

Kama unakwenda kukagua gari la kununua, mpangilio unageuka. Muuzaji anaweza kupanga taimingi na mchanganyiko vizuri sana siku moja kabla, mshale ukatulia. Pale anza na kompresheni, silinda kwa silinda, halafu ombwe. Akikataa buji zitolewe, rudi nyumbani.

Na kabla ya kifaa chochote, toa buji nne uzipange mezani kwa mpangilio wake. Nyeusi kavu kama masizi zote nne: esansi nyingi, au chujio la hewa limejaa vumbi letu jekundu la kiangazi. Nyeupe: esansi haitoshi. Moja tu yenye oili: silinda hiyo. Zangu siku ile zilikuwa za kahawia nzuri, zote. Fundi wa kabureta angeziangalia, nisingeagiza kitu.

Ndani ya mlango wa garaji langu nimeandika kwa chaki: mshale 16 ukiwa umetulia, 17 kwenye mizunguko 2,500, na baada ya dakika nzima bado 17. Nikienda Likasi nikirudi, huangalia kama bado ni hivyo.